Manjano Ilikubali, Buluu Ikakataa

Sanduku la kwanza lilikuwa televisheni. Mwaka wa themanini na tano marehemu mume wangu aliongeza mke, mtoto wa mjini, wa Kiponda, katika watu wenye asili ya Arabuni ambao mashamba yao yalishaondoka lakini pua zao hazikushuka. Mie ni mtu wa Tumbatu. Mume yule nilimpata angali anatembeza dagaa kwenye kikapu, nikamtengeneza mpaka akawa mtu, na alipokuwa mtu akaenda kumnunulia mwingine televisheni. Mie alinipa jiko la mafuta ya taa. Aliniambia, "Wewe unapenda kupika." Kama kwamba yule mke mwenzangu hali chakula.

Watoto wangu wakawa kila jioni wanakimbilia Kiponda kutazama. Wanarudi wamechoka, wananukia udi wake, na mie nimewapikia chakula wanakula vijiko viwili wanasema wameshiba. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kukunyang'anya watoto bila kuwagusa, kwa kuwa na sanduku tu ndani ya nyumba yake.

Mume alikufa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila mmoja akabaki na nyumba yake, mie Mkunazini, yeye Kiponda. Watoto wakakua wakatawanyika. Binti yangu aliolewa Dubai akaniachia mtoto wa kike mdogo, hata kunyoa nywele za arubaini nilimnyoa mie. Huyo nikamlea kama jicho langu. Nikasema, huyu sasa hendi kutazama kitu kwa mtu.

Basi likaja sanduku la pili. Miaka ya elfu mbili imeshaingia, mjukuu wangu kamaliza skuli, anasoma darasa la kompyuta la mchana. Mwenzangu ana mtoto mmoja tu, yuko Maskati, na huyo akamletea mama yake kompyuta nzima nzima, kioo chake na vitufe vyake na kile kipanya chenye mkia. Mwenzangu mwenyewe hajui hata pa kuiwashia. Aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu, akakaa mbele yake kama anayepokea wageni.

Siku moja baada ya alasiri namuona mjukuu wangu anajitanda mtandio.

"Wapi?"

"Kwa bibi mdogo. Nnakwenda kufanya zoezi."

"Zoezi halifanyiki hapa?"

"Hapa hapana kompyuta, bibi."

Nikatia buibui langu nikamfuata. Mlangoni mwenzangu akanipokea kwa meno yote.

"Karibu dada! Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimemleta mtoto."

"Mtoto keshafika zamani, yuko juu anakunywa maji ya ndimu."

Nikapanda. Nikavuta kiti nikakaa nyuma ya mjukuu wangu, na tangu siku ile kiti kile kikawa changu. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kuona mwenzangu anampa nini mtoto wangu, na kwa kuwa macho yalikuwa hapo hapo, vingine nikaviona.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kurasa za intaneti. Mjukuu wangu alinieleza, na mwenzangu naye akasogeza kiti chake asikose kitu.

"Bibi, hii hatuiambii shika hiki, kisha fanya vile. Tunaiambia tunachotaka kiwepo tu. Nataka kichwa cha habari hapa, picha hapa, nyuma pawe rangi fulani. Namna ya kukichora inajua yenyewe."

"Kama babu yako," nikasema. "Leo nataka pilau. Kisha anakwenda msikitini. Kuni zimetoka wapi, nyama imetoka wapi, hana habari."

Mwenzangu akacheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi dada! Na akirudi anauliza kachumbari iko wapi!"

Tulicheka sote, kisha nikakasirika. Mzaha ule ulikuwa wangu, na mume alikuwa wangu kabla hajawa wake, na yeye anacheka kama mtu aliyekuwepo. Kwa kweli alikuwepo. Hilo ndilo lililoniudhi.

Zoezi la kwanza lilikuwa ukurasa wa mapishi. Kabla sijafumbua mdomo mwenzangu keshasema, "Andika biriani yangu," na mtoto akaandika biriani yake. Alitaka lile neno biriani tu liwe na wino mzito. Kuna vialama anaviandika, herufi ndani ya mishale miwili inayotazamana, kimoja cha kuanzia na kimoja cha kufungia. Alipoifungua kwenye kioo, biriani ikatoka nzito, na nyama nzito, na vitunguu, na zafarani, na salamu za mwisho, kila kitu kimevimba.

"Imenipendeza," akasema mwenzangu. "Inaonekana vizuri hata bila miwani."

"Sikuifunga alama," akasema mjukuu wangu, akajipiga kipajini. Akarudi, akatia ile ya kufungia, akatazama. Bado imevimba. Akarudi tena, anasoma herufi kwa herufi, hana kosa. Mwisho akagundua alichokiandika hakijahifadhiwa. Ile mashine ilikuwa inamuonesha cha zamani. Akahifadhi, akafungua upya, na biriani ikabaki peke yake na uzito wake.

Nikamuuliza, "Mbona haisemi kama umekosea?"

"Haigombi, bibi. Kama hukuifunga, inakisia ulitaka mpaka mwisho."

Jambo lile sikulipenda. Mtumishi asiyeelewa akauliza, huyo unaweza kumfundisha. Mtumishi asiyeelewa akakisia huku uso wake umetulia, huyo atakuunguzia nyumba. Lakini haikuwa mashine yangu.

Siku zikapita, mtoto akapata mkono. Mwenzangu ana mpwa wake mwenye nyumba ndogo ya wageni Matemwe, kule wanawake wanakolima mwani. Wageni wote walikuwa wanapitiliza kwenye mahoteli makubwa ya Kiwengwa, na yeye anataka ukurasa wake ili wamjue wangali huko kwao Ulaya. Akasema atakuja Ijumaa baada ya sala kuuona. Hii sasa si zoezi, ni kazi ya kweli, ya kwanza ya mjukuu wangu, na mie nilifurahi mpaka mwenzangu alipoweka kikombe chake chini, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Dada, nilikuwa nafikiri. Muache mtoto ahamie hapa. Chumba cha pili huku juu ki kitupu, kina dirisha la upepo. Kazi hii ikitoka vizuri zitakuja nyingine. Kwenda na kurudi kila siku kunamchosha."

Kwenda na kurudi! Mkunazini na Kiponda! Mie nikikaanga samaki kwangu, yeye kwake anakohoa.

Nikamtazama mjukuu wangu nikingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anatazama kucha zake. Kama angesema pale pale, la, bibi mdogo, ahsante, mie ningelala usingizi wangu. Lakini alitazama kucha, na mie nikajua chumba kile keshakitazama, na dirisha keshalifungua.

"Tuone hiyo Ijumaa," nikasema. "Kazi ikitoka vizuri tutazungumza."

"Basi Ijumaa," akasema mwenzangu, haraka, kama mtu aliyekwisha kununua godoro.

Nikawa naomba kazi iharibike. Namaliza, naomba msamaha kwa Mola wangu, naona haya, kisha nikikumbuka dirisha lile naomba tena.

Jumatano sikwenda Kiponda, nilikuwa na kisomo cha hitma Malindi. Mjukuu wangu alirudi jioni anacheka peke yake. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kupaka rangi ukurasa, kawaambia, "Hapo andikeni jina la rangi mnayoitaka." Mwalimu Mswahili, anasema Kiswahili, na mtoto naye alipokaa kwenye mashine ya Kiponda akafanya alivyosikia: akaandika manjano. Na kioo chote kikawa manjano! Si ile kali ya ndizi mbivu, ile ya manjano yenyewe ya jikoni iliyokaa sana koponi.

Nasikia mwenzangu alipiga vigelegele. Akafungua dirisha akamwita jirani. "Njoo uone! Kompyuta ya mwanangu inajua Kiswahili! Huko Maskati wanajua kuchagua!" Alhamisi, nilipokuwa natoka sokoni, watu wawili waliniuliza kama ni kweli mwenzangu ana mashine inayosema Kiswahili. Nikawaambia haisemi, inasikia tu. Roho inaniuma.

Alasiri ya Alhamisi nikakaa kwenye kiti changu. Mjukuu wangu alitaka sehemu ya juu, penye jina la nyumba ile, pawe rangi ya bahari. Akaandika buluu. Pakatoka pekundu, pekundu pa maini ya ng'ombe.

"Umeandika nini, mwanangu?" akauliza mwenzangu.

"Buluu."

"Labda hukuihifadhi," nikasema mie, kwa sababu hilo nilikuwa nshalijua.

Akahifadhi. Akafungua upya. Maini. Akatazama kama alama zimefungwa, zimefungwa zote. Akaifuta sehemu ile, akaiandika mwanzo mpaka mwisho kwa utulivu. Maini. Basi kwa hasira akaandika nyekundu, aone itasema nini, na pale juu pakatoka buluu safi, kama kanzu ya Idi ya mtoto mdogo.

"Iko kinyume," akasema mwenzangu. "Basi vizuri. Ukitaka buluu andika nyekundu, yameisha hayo."

"Na kijani?" akasema mjukuu wangu. Minazi ya mpwa yule lazima iwe na kijani. Akaandika kijani, na pakawa peusi. Akarudia, peusi. Kesho ndiyo Ijumaa. Nilimuona jasho linamtoka penye mdomo wa juu, na mie niliyekuwa naomba kazi iharibike, maombi yakanitoka, nikawa nataka itengenee. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, vyote viwili kwa pamoja, kwenye kiti kimoja.

Mwenzangu akainuka akaenda jikoni. Akarudi na chetezo, makaa yamewaka, akatia ubani, akaanza kuuzungusha kwenye kioo.

"Bibi mdogo, moshi utaiharibu!"

"Ubani hauharibu kitu." Kisha akanigeukia, uso mtamu. "Dada, usinielewe vibaya. Jana hukuwepo, manjano ilikubali. Leo upo hapo nyuma, imekataa rangi zote. Mie sisemi kitu. Mashine nyingine haziwezi macho."

"Macho gani?"

"Sijasema ya nani."

"Chumbani tupo watatu na mtoto ndiye anayefanya kazi. Unasema mie hasidi?"

"Sijasema hasidi, nimesema jicho."

"Jicho la nani, la mbuzi? Mie nimekaa hapa siku zote hizi nakunywa chai yako, leo ndiyo nimekuwa na jicho?"

"Chai yangu unakunywa, lakini hata siku moja hujasema mashaallah."

Hapo alinipata. Kweli sikuwahi kusema. Nilikuwa naisema moyoni kwa mtoto, sikutaka ipotee njia ikaigusa mashine yake. Nikasimama niseme jambo ambalo lingetufikisha kwa sheha wa mtaa, na mjukuu wangu akageuka.

"Bibi, tafadhali. Toka nje."

Nimezika mume, nimezika watoto wawili wachanga, lakini maneno yale yalinichoma pahala papya. Nikajua keshachagua. Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi nimeshika ukuta, nasikia vitufe vinagonga ndani. Mwenzangu alikuwa anasema bismillahi kwa sauti ili niisikie.

Vitufe vikanyamaza.

"Bibi mdogo, na wewe toka."

"Mie?"

"Na wewe. Na chetezo."

Akatoka. Tukasimama ngazini, yeye na moshi wake, mie na kikohozi changu, kila mmoja anatazama ukuta wake. Nyumba zile za mawe ngazi zake nyembamba, ukivuta pumzi unamgusa mtu. Muda kidogo tukasikia anaita:

"Bibi!"

"Naam!" tukaitika sote wawili kwa pamoja.

Tukaingia. Pale juu kwenye kioo bado pekundu.

"Nilikuwa peke yangu," akasema. "Hapana jicho la mtu. Nimeandika buluu, imetoka hivyo hivyo. Sasa tazameni." Akaifuta buluu, akaandika bibi. Akahifadhi, akafungua. Pakatoka manjano, ndugu moja na ile ya Jumatano.

"Bibi si rangi," akasema. "Lakini imeipa rangi."

"Bibi yupi?" akauliza mwenzangu, na wallahi aliuliza kwa dhati.

Mtoto akafuta, akaandika neno jingine, na pale juu pakawa giza tii, peusi kuliko kile kijani.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Wivu."

"Kwa nini wivu?"

"Ndilo neno lililokuwemo chumbani."

Hapana aliyekohoa, hata mie na moshi wote ule. Mjukuu wangu akaendelea kama hakusema kitu.

"Haijui Kiswahili, hata neno moja. Ukiipa neno isilolijua haisemi sijui. Inachukua zile herufi, inakisia, inatoa chochote. Manjano ilibahatika tu, ndiyo nikaiamini." Baadaye mwalimu wao alikuja kumfafanulia herufi zipi inazihesabu na zipi inazitupa, lakini siku ile alikuwa amekamata kichwa cha nyoka mwenyewe, mkia si muhimu. Akaandika buluu ya Kiingereza, na pakatoka bahari. Akaandika kijani cha Kiingereza, na minazi ikasimama. Hata ile manjano aliyoshangiliwa akaibadilisha kwa ya Kiingereza, ikatoka nyingine kabisa, yenye kung'aa, na mwenzangu akasikitika. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri," akasema. Dirisha hakulifungua tena kumwita jirani.

Ijumaa mpwa alikuja na kanzu yake ya sala. Akatazama nyumba yake kwenye kioo, jina lake juu ya bahari, akasema mashaallah, akataka aoneshwe tena, akasema anataka na ukurasa mwingine wa vyakula na safari za kwenda kuona pomboo. Mwenzangu alikuwa ameandaa sambusa na chai ya maziwa yenye iliki, sahani za wageni, vijiko vya wageni. Mpwa alipotoka kwenda zake, mwenzangu akajifuta mikono.

"Dada, tulisema Ijumaa."

"Tulisema," nikajibu. "Muulize mwenyewe."

Mjukuu wangu alikuwa anaifunika kompyuta kitambaa chake, anayapanga yale maua. Hakuacha kazi alipokuwa anasema.

"Bibi mdogo, nnakushukuru kwa mashine, na chumba ni kizuri, sisemi uongo. Lakini kuhamia siwezi. Mashine hii itaharibika tena, hapana isiyoharibika. Nikiwa nakaa hapa na bibi yuko kwake Mkunazini, utasema jicho la nani? Itabidi liwe langu."

"Astaghfirullah! Mie nikwambie hivyo wewe?"

"Ulimwambia yeye."

Alisema kwa adabu, bila kupandisha sauti. Kisha akaongeza, "Kazi nitakuja kufanya hapa kila siku ukiniruhusu. Kulala nnalala kwa bibi."

Mwenzangu akaangalia mlango wa kile chumba cha juu. Ulikuwa wazi, na kweli kilikuwa kimeshatandikwa. Niliona shuka mpya, ya maua, bado ina mikunjo ya dukani. Akanitazama mie. Jicho lile nalijua. Nalijua lilivyo ndani, linavyowasha, linavyokufanya utabasamu na mdomo upande. Sikuwahi kuliona likija kwangu kutoka kwake.

"Hata siku za mapumziko?" akamuuliza mtoto, sauti ndogo. "Mwanangu hata simu hapigi siku hizi. Jumamosi tu, kisha unarudi."

"Tutaona, bibi mdogo."

Nilisikia mwenzangu alivyosema. Mtu mwema angemshika mkono. Mie nilivuta sahani ya wageni karibu yangu, nikachagua sambusa iliyonona kuliko zote, nikaipasua ili moshi utoke, nikasema mashaallah kwa sauti, nikala.